Pampu Nzima

"Andika kwamba imekufa," Bwana Chande aliniambia, akanisogezea kidau cha wino.

Kanzu yake ilikuwa imelowa kuanzia kifuani hadi magotini. Pampu aliyotaka niiandikie kifo ilikuwa imemtapikia maji muda mfupi tu uliopita, palepale kwenye baraza la duka lake, mbele ya watu. Ilikuwa pampu ya mkono, ya chuma kizito, yenye mpini wa kusukumwa na watu wawili, na ilikuwa hai kuliko baadhi yetu tulioileta.

Sikuandika. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, darasa la nne la misheni, na mume aliyekuwa Tanga kwenye mkonge. Katika watu saba tulioshuka na pampu ile kutoka milimani, mimi peke yangu ndiye niliyejua kusoma na kuandika. Kwa hiyo uongo ule, kama ungezaliwa, ungezaliwa mkononi mwangu.

Nyuma yangu alisimama baba mkwe wangu, Mzee Zebedayo, mwenyekiti wa chama cha mfereji. "Mke wa Tumainieli," alisema, maana hakuwahi kunitaja jina, "andika unavyoambiwa. Tuna safari."

Mwaka ulikuwa wa hamsini na mbili. Kwetu, juu ya Vudee, maji ni kazi ya mikono. Usiku mfereji hujaza ndiva, bwawa letu la mawe na udongo; asubuhi mlango hufunguliwa, na maji hushuka shamba kwa shamba kwa zamu. Aliyejua zamu, na mteremko, na mahali mfereji unapopenda kubomoka, alikuwa Mzee Zebedayo. Aliyaleta maji yale kwa kuyazungusha migongo mitatu ya milima, kwa jicho tu, bila kamba wala kipimo. Mzungu wa kilimo alipokuja na chombo chake cha miguu mitatu, alichungulia siku mbili nzima akashindwa kupata kosa. Tangu hapo mzee wetu hakuambilika. Ukimshauri jambo la mfereji, alikujibu kwamba mwenye macho haambiwi tazama.

Kisha ukuta wa ndiva ukapasuka. Maji yaliyokusanywa usiku kucha yalikuwa yakivuja hadi asubuhi tunakuta nusu, na maharage ya chini yakaanza kukunja majani. Chama kikauza kahawa ili kununua saruji. Mzee Zebedayo akatumwa Same kuulizia saruji, akarudi anazungumza habari ya pampu.

Msimcheke. Aliona dukani watu wawili wakisukuma mpini na maji yakipanda hadi juu ya paa, akamkumbuka Bibi Dorkas. Bibi Dorkas na wajane wengine wanne walikuwa na mashamba juu ya ndiva, na tangu mababu hawakuwahi kupata tone moja la mfereji, kwa kuwa maji hayapandi. Walishiriki kuchimba, walishiriki kuzibua, kisha wakatazama maji yakienda kwa wengine. Mzee alitaka kuwapa haki yao kabla hajafa. Kwa hilo nilimpenda, na mpaka leo nampenda.

Alikuja na karatasi ya pampu. Tulisimama ukingoni mwa ndiva nikamsomea: inapandisha maji futi ishirini na tano, haizidi hapo. Aliinua macho, akalitazama shamba la Bibi Dorkas pale juu, akasema, "Zinafika. Na nyingine zitabaki."

Mimi niliona hazifiki. Misheni walitufundisha kupima mti kwa kijiti na uzi, na hata bila kijiti moyo wangu ulikataa. Lile lilikuwa jicho lililozoea kutazama chini, kuyafuata maji yanakotaka kwenda yenyewe. Hakuna mtu katika ukoo wetu aliyewahi kupima maji ya kupanda. Nilitaka kusema, Baba, tupime kwanza. Lakini mkamwana atamwambia nini baba mkwe habari za maji? Nikaikunja karatasi, nikanyamaza. Kimya kile kimeniuma kuliko maneno yote mabaya niliyowahi kusema, nayo si machache.

Pesa za saruji zikanunua pampu, nayo ikapanda mlima. Tuliisukuma tangu asubuhi mpaka jua la utosi. Maji yakapanda kwenye bomba, yakafika katikati ya mteremko, yakasimama. Bibi Dorkas alikuwa amekaa juu kabisa, kwenye mdomo wa bomba, na kibuyu chake mapajani. Alikaa vile mpaka kila mtu akaona haya.

"Ina kasoro," alisema Mzee Zebedayo. "Wameniuzia mbovu."

Watu walipokwenda kula, nilichukua uzi na kijiti, nikapima mwenyewe. Futi arobaini na mbili.

Siku ya pili pembe ya msaragambo ikalia, ile inayomwita kila mtu kwenye kazi ya wote, na pampu ikashuka mlima juu ya miti miwili, mabegani mwa wanaume wanne. Nyuma yao mzee, nyuma ya mzee mimi na Bibi Dorkas. Njia nzima mzee alirudia lile neno lake, mbovu, mbovu, na hakuna aliyethubutu kumjibu. Nami sikuthubutu.

Dukani kulikuwa na ubao ukutani: MALI IKITOKA HAIRUDI, ILA MBOVU. Fundi wa duka, Sefu, mtu mzima mwenye mvi za kwanza, ndiye aliyekuwa ameijaribu pampu kabla ya kuuzwa. Aliiunga kwenye tangi, akaisukuma mara tatu, na ndipo Bwana Chande alipooga na kanzu yake. Watu wa barabarani walicheka. Mzee Zebedayo hakucheka.

Bwana Chande hakuwa mtu mbaya. Alikuwa meneja tu wa duka la watu wengine, na alituhurumia kwa njia yake. Akaleta fomu. Tukiandika kwamba imekufa, alisema, yeye ataituma Tanga, Tanga watampa nyingine, na sisi tutaondoka na saruji yetu mchana huohuo. Nani ataumia?

Niliisoma fomu hadi chini. Chini kabisa paliandikwa: *Aliyeijaribu*. Na mbele yake, kwa herufi za kujifunza ukubwani: *Sefu*.

"Na huyu?" nikauliza.

Bwana Chande akatazama upande wa stesheni. "Huyu ni fundi. Fundi hakosi kazi kwingine."

Sefu alikuwa anafuta mikono kwa kitambaa. Aliifuta muda mrefu. Ndipo hasira ikanipanda, na nilifurahi ilipofika, maana nilikuwa nimeisubiri tangu ukingoni mwa ndiva. Nikachovya kalamu, nikaandika, kisha nikasoma kwa sauti ili hata waliokuwa barabarani wasikie:

"Pampu hii ni nzima. Haina ubovu wowote. Chama kilikosea kupima. Hatuihitaji, tunahitaji saruji."

"Hiyo siwezi kuituma Tanga," alisema Bwana Chande.

"Usiitume. Soma tu."

"Mwanangu alioa mke au alioa karani?" Mzee Zebedayo aliuliza. Wanaume wanne walitazama miguu yao. Nilijua kwamba nikirudi nyumbani bila saruji, na fomu imeharibika kwa wino wangu, sitakuwa na nyumba ya kurudi. Lakini kalamu nilikuwa nimeiweka chini tayari.

Ni Bibi Dorkas aliyekaa. Alitandika kanga yake kwenye baraza, palepale mlangoni, akanyoosha miguu. "Same tunaijua," alisema. "Mwaka wa mbiru, walipotaka kutukadiria kodi kwa mali zetu, tulikaa hapa mpaka Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, akachoka kutuona. Mimi sikuona aibu kukaa kwa ajili ya kodi, nitaona aibu kukaa kwa ajili ya saruji?"

Tukakaa. Bwana Chande alitutishia polisi, kisha akatuletea maji ya kunywa. Kesho yake asubuhi tulikuwa bado tupo, na Sefu, ambaye hakuwa ametushukuru kwa neno hata moja, aliiunga tena pampu kwenye tangi. Mimi na yeye tukashika mpini. Tukampigia maji kila aliyepita: waliosubiri treni, madereva wa malori ya Hedaru, Wamasai na punda wao. Nilitaka mji mzima ushuhudie kwamba kitu chetu ni kizima. Mzee Zebedayo alikaa pembeni, ametupa mgongo.

Mchana alikuja mama mmoja mnene, mwenye sauti ya kuamuru, aitwaye Mwanaidi. Alikuwa mkulima wa mpunga wa Kihurio. Alisimama akatazama maji, akashika bomba, akainama akasikiliza mashine inavyopumua. Akasema shamba lake limeinuka juu ya mfereji kwa kimo cha mtu na nusu tu, na kwa ajili ya kimo hicho anapoteza mpunga kila mwaka.

"Naitaka hii," alimwambia Bwana Chande. Kisha akanigeukia. "Lakini mbona mnairudisha? Kitu kizima hakirudishwi. Msinifiche."

Nikampa karatasi. Naye hakujua kusoma, nikamsomea. Alisikiliza hadi mwisho, akaangua kicheko.

"Chama kilikosea! Chama kizima hakina mtu mwenye macho? Hapana, mama, mna jambo. Pampu hii ina ugonjwa, na mnanibambikia." Akafunga upya kanga yake, tayari kuondoka.

Ningeweza kusema mimi, na Mungu anajua ulimi ulikuwa umeshanyanyuka. Lakini lile halikuwa langu la kusema.

Mzee Zebedayo aliinuka taratibu, akaja mpaka mezani. Nilidhani anakuja kuichana karatasi.

"Chama hakina macho," alisema. "Andika Zebedayo. Andika kwamba alitazama juu akaona futi ishirini na tano, na hazikuwa ishirini na tano."

"Zilikuwa arobaini na mbili, Baba."

Alinitazama. "Umepima lini?"

"Baadaye. Lakini nilijua tangu siku ile nilipokusomea. Nikanyamaza."

Mzee akaisukuma karatasi mbele yangu kwa kidole kimoja.

"Basi andika wawili."

Nikaandika wawili: Zebedayo aliyekosea, na Lea aliyejua. Mwanaidi akaomba nimsomee tena, akatikisa kichwa, akasema sasa ameamini, maana hakuna mtu anayejisingizia ujinga wa namna hiyo. Bwana Chande akapokea pesa zake, akamwita Sefu aifungue pampu kwenye tangi, na wanaume wetu wanne wakaingia stoo kutoa saruji.

Mzee alichovya dole gumba kwenye wino. Lilikaa hewani juu ya karatasi.

"Nimeweka dole hili kwenye karatasi nyingi za Serikali," alisema. "Sikuwahi kujua zinasema nini."

Akalibonyeza, kwa nguvu, juu ya jina lake. Kisha akaniambia, "Lea, nisomee mara moja zaidi."