Tarehe ya Orrin Tvedt

Mwaka 1968, huko Marekani, kampuni kubwa ya reli ya Plains Central iliimeza kampuni ndogo ya Wolf Creek. Magazeti yaliandika kwamba ni muungano. Orrin Tvedt, dereva wa Wolf Creek, alisema hajawahi kuona mbwa na soseji wakiungana.

Kilichomkera hasa ni orodha. Kwa watu wa reli, tarehe uliyoajiriwa ndiyo heshima yako: mwenye tarehe ya zamani huchagua kwanza treni, zamu, hata likizo. Orrin aliajiriwa tarehe tatu Mei 1949, na kila alipokunywa kahawa na wenzake aliitaja. Wakubwa wa Plains wakawaandika watu wote wa Wolf Creek kana kwamba walizaliwa siku ile ya kumezwa. Miaka kumi na tisa ikafutwa kwa kalamu, na vijana waliomkuta kazini wakampita. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, lakini Orrin alifungwa kamba nyumbani kwake mwenyewe.

Sasa ulikuwa mwaka 1994. Wastaafu wa pande zote mbili walikuwa wamekifufua kichwa cha treni cha mvuke namba 412, mali ya Wolf Creek ya zamani. Iliwachukua Jumamosi za miaka minane, na mabomba ya boila aliyabadilisha Orrin, moja baada ya jingine. Siku hiyo 412 ilikuwa inatoka kwa mara ya kwanza, na mabehewa sita na abiria mia tatu. Nani angekaa kiti cha kulia, cha dereva? Hawakupiga kura. Wazee wa reli hawapigi kura, wanatazama orodha. Orodha ikasema Dwight Kessler wa Plains, 1956. Orrin akapewa upande wa kushoto, achochee moto.

"Usinune, bwana," Kessler akamtania wakipanda. "Wewe ni mtoto wa sitini na nane. Heshimu wakubwa."

"Shikamoo, babu," Orrin akajibu, akatia makaa. Hakucheka.

Wakaondoka vizuri. Watu walikuwa wameegesha magari kando ya mashamba ya mahindi, wakawapungia kofia. Moto uliwaka alivyotaka Orrin, na kifua kilimjaa fahari, ingawa fahari yenyewe ilikuwa na uchungu ndani yake. Kisha kikaja kilima cha Hadley. Kessler, aliyeendesha dizeli maisha yake yote, akavuta mkono wa kufungulia mvuke kwa nguvu, kama mtu anayefungua mlango uliokwama. Magurudumu yakazunguka bure juu ya reli, 412 ikatetemeka mwili mzima, treni ikasimama.

Akajaribu tena. Ikakataa tena.

"Sema kitu basi, Orrin!"

"Niseme nini? Dereva ni wewe."

Kessler akafuta jasho. "Haya, yaishe. Njoo ukae hapa."

"Kwa huruma yako? Sitaki. Kiti hicho nilikikalia kwa tarehe yangu. Nikirudi, narudi kwa tarehe yangu."

Redio ikalia. Mwongozaji wa njia, kijana wa Plains aliyekuwa ofisini mbali huko, akauliza kwa nini wamesimama. Kessler alikuwa mtu wa majivuno. Akaitazama redio kitambo, kisha akaichukua.

"Tunabadilisha dereva. Andika: Tvedt, Orrin. Tarehe tatu Mei, arobaini na tisa."

Kijana akajibu: "Orodha yangu inasema sitini na nane, mzee."

"Orodha yako ni ya uongo, na uongo huo nimeula miaka ishirini na sita. Mimi niliajiriwa hamsini na sita. Huyu ni mkubwa wangu. Andika hivyo, la sivyo treni hii italala hapa hapa."

Orrin akavuka upande wa kulia. Akairudisha treni nyuma kidogo ili viungo vya mabehewa vilegee, akamwaga mchanga relini ili magurudumu yashike, akafungua mvuke kidogo kidogo. 412 ikapumua mara moja, ikapumua tena, ikaanza kupanda. Kessler alikuwa upande wa kushoto anatupa makaa, shati limelowa chapachapa.

Walipokaribia kileleni redio ikalia tena.

"Dereva Tvedt, nimeandika. Arobaini na tisa. Njia ni yako."