Saa ya Mstari wa Nne

Mama Pacha aliiweka saa sikioni, akafumba macho, akasikiliza. Ilikuwa inang'aa kama sufuria mpya, lakini mlio wake ulikuwa wa kusitasita.

"Hiyo usiihangaikie," alisema fundi saa, ambaye ofisi yake ilikuwa meza moja chini ya ngazi za jengo la maduka. "Hiyo ni ya harusini. Unaivaa, unapigwa picha, unaitupa."

"Sasa mbona umeiweka mbele?"

"Watu wananunua kwa macho, mama yangu."

Mama Pacha alicheka, lakini yeye hakuwa na ruhusa ya kununua kwa macho. Pesa aliyoifunga kwenye pindo la nguo haikuwa yake peke yake. Wanawake wote wa Mstari wa Nne, pale kiwandani walikoshona sare, walikuwa wamechanga haba na haba, kila mtu kwa uwezo wake, wakamtuma yeye kwa sababu alijulikana kwa kubishana bei mpaka muuzaji aombe maji.

Shida yao ilikuwa saa ya langoni. Asubuhi ilikimbia, jioni ikachechemea. Simu ziliachwa kwenye boksi la mlinzi, kwa hiyo mtu akishaingia ndani hakuwa na wakati mwingine ila ule wa kampuni. Ukikuta saa moja imepita, unakatwa nusu siku. Ukichelewa mara tatu kwa mwezi, unarudi kwenu. Walijaribu kuwahi, saa nayo ikawahi zaidi. Mama Pacha tayari alikuwa ameandikiwa mbili mwezi ule, na siku zote mbili alitoka nyumbani redio ya jirani ikimshuhudia. Zilimnyima usingizi. Alikuwa na pacha wa kulisha, na mwenye nyumba asiyejua neno kesho.

"Mimi nataka saa isiyobishana na redio," alimwambia fundi. "Sura sina haja nayo."

Fundi akavuta droo, akatoa saa kuukuu yenye kioo kilichokwaruzika na mkanda uliokatika. Akafungua mfuniko wa nyuma kwa ufunguo wake mdogo na kumsogezea taa. Ndani kulikuwa safi, hakuna kutu wala dalili ya maji.

"Mkanda unabadilishwa. Kioo kinasuguliwa. Lakini mashine ikiwa mbovu, hata ukiivisha dhahabu ni mbovu tu. Tunaiseti na redio, iache hapa, zunguka zunguka, urudi."

Akazunguka. Aliporudi, mshale wa sekunde ulikuwa unatembea sambamba na redio kama watu waliokubaliana. Hapo ndipo ubishi wa bei ulipoanza, na fundi alijuta kumfahamu. Mwishowe alimtilia mkanda wa nailoni bure, ili mradi aondoke.

Jumatatu asubuhi Mama Pacha aliiseti upya kwa redio ya jirani, akaivaa, akaficha mkono ndani ya mtandio. Kwenye njia ya kiwandani wenzake walimzunguka kumchungulia kifundo cha mkono kama bibi harusi. Shangazi, mkongwe wa Mstari wa Nne, ndiye aliyetoa wazo la mchango. Alikuwa amefurahi kuliko wote.

"Leo atasema nini yule?" alisema. "Tuko nyuma yako, mwanangu."

Yule ni Bwana Kengele, msimamizi wa lango, aliyeitwa hivyo kwa sababu kengele aliipiga kwa mkono wake na kwa matakwa yake. Walipofika, saa ya langoni ilikuwa imeshapita saa moja. Ya mkononi ilikuwa bado.

"Mama Pacha. Ya tatu hii."

"Samahani, mkubwa. Saa moja bado." Akanyoosha mkono. "Nimeiseti na redio leo alfajiri."

Bwana Kengele aliinama akaitazama. Kisha akatoa simu yake mfukoni, akaitupia jicho, akairudisha. Aliona. Na Mama Pacha alimwona alivyoona.

"Saa nzuri," alisema. "Umeipata wapi?"

"Nimenunua."

"Peke yako? Mshahara wenu naujua."

Mama Pacha akashusha mkono. Bwana Kengele akapaza sauti kwa wanawake waliokuwa nyuma yake.

"Nani mwingine anasema saa ya kampuni ni mbovu? Asogee huku, tumalizane mara moja."

Wahenga walisema umoja ni nguvu. Hawakutuambia umoja huo unasimama upande gani wa lango. Mama Pacha aligeuka. Shangazi alikuwa anatazama vidole vyake vya miguu. Mwingine alikuwa anafunga kilemba kilichokuwa kimefungwa tayari. Alingoja. Alingoja mpaka akaona aibu kwa niaba yao.

"Peke yangu," alisema.

"Basi kaitazamie nyumbani. Nyinyi wengine ingieni, leo nawasamehe."

Wakaingia kwa kumpita. Hakuna aliyemgusa.

Hangeweza kuondoka na mali ya watu, kwa hiyo jioni alirudi kuwangoja ukutani. Saa kumi na moja, saa yao ya kutoka, ikafika, ikapita, cherehani bado zinanguruma. Walipotoka, jua lilikuwa limeshashuka nyuma ya maghala.

"Usitulaumu," alisema Shangazi.

"Silaumu mtu. Saa ni yenu. Nani anaishika?"

Aliiweka kiganjani, akawanyooshea. Ghafla kila mkono ukapata kazi: huu unatafuta kitu mkobani, ule unakung'uta nyuzi kwenye gauni. Shangazi akamfumba vidole juu ya saa.

"Kaa nayo wewe, mwanangu. Wewe sasa huna cha kupoteza."

Hakusema kwa ubaya, na hilo ndilo lililouma. Mama Pacha alikwenda nyumbani, akawalisha pacha uji, yeye hakula.

Siku ya pili jioni alikuwa pale pale, ng'ambo ya barabara. Mshale ulipofika mahali pake, aliweka viganja mdomoni.

"Saa kumi na moja! Muda wenu umeisha!"

Cherehani hazikunyamaza. Mlinzi alitoka kibandani, akamtazama kama mtu aliyerukwa na akili.

"Saa kumi na moja na dakika moja!"

"Wewe mama, ondoka hapa."

"Barabara nayo ni ya kampuni?" Hakumtazama, macho yalikuwa kwenye saa, na machozi yalikuwa yanamzuia kuisoma. Akayafuta kwa mtandio.

"Na dakika mbili!"