Matuta ya Rukaya

Enzi hizo za Mjerumani, kuomba samadi Bugomora ilikuwa kazi ya kujidhalilisha. Sotoka ilikuwa imefagia ng'ombe, na kinyesi cha wachache waliobaki kilikwenda kwenye migomba ya wenyewe. Rukaya aliomba hata hivyo. Alitoa chumvi ya duka la mumewe Othman, akapewa samadi, akaibeba kichwani mwenyewe. Mwanamke wa pwani, tena mke wa mfanyabiashara, na kikapu cha mavi ya ng'ombe! Watu walimcheka mpaka wakachoka wenyewe.

Alikuwa na sababu yake. Miaka nenda rudi alikuwa akimfuata Othman na mizigo yake, na kila walipofika walilala kwa watu. Safari hii Othman alimwonyesha kipande cha rweya, nyasi tupu juu ya changarawe nyekundu, akamwambia, "Hiki chako. Huhami tena." Rukaya alilia kwa furaha wala hakuona haya.

Mwaka wa kwanza alitia samadi mbichi, ikaunguza miche yote ya bilingani. Akapata akili. Akachimba shimo, akaichanganya na majivu na majani makavu ya migomba, akaiacha ioze mpaka ikawa nyeusi, haina harufu. Akainua matuta, akayazuia kingo kwa magogo ya migomba ili mvua isiyabebe, akatandaza nyasi juu. Baada ya misimu kadhaa udongo ukaanza kushikamana mkononi, ukaingia minyoo. Siku hiyo alimwita Othman aje aione. Othman alikuja, akacheka, akamsifu sana.

Kitu kimoja tu alimkataza: kupanda mgomba. "Utanyonya mbolea yako yote," alisema. "Sisi watu wa pwani vitunguu vinatutosha." Rukaya akamtii.

Mvua za vuli zilipoanza, alimkuta Rwegoshora, mwenye ardhi ya mlima ule wote wa Bugomora, akichomeka machipukizi ya migomba katikati ya vitunguu vyake.

"Shikamoo, baba," alisema, maana adabu haikumtoka hata hapo. "Unafanya nini shambani kwangu?"

Rwegoshora alishangaa kweli. "Kwako, mama? Kwetu aliyepanda mgomba ndiye mwenye kibanja, ndiye mwenye shamba. Wewe ulipanda? Othman aliniomba kiwanja cha duka pale njia panda, nikampa, naye akaahidi kwamba mkewe atanirutubishia hii rweya. Hakukwambia?"

Rukaya alirudi nyumbani na tope miguuni. Hasira yote aliyokuwa nayo juu ya Rwegoshora ilikuwa imeisha. Othman alikuwa dukani akipima kaniki.

"Kwa nini hukuniambia?"

Hakukana. "Ningekwambia, ungefanya kazi kwa moyo ule?" Akaendelea kupima. "Usinune, bibi. Kuna kipande kingine bondeni, kibovu zaidi. Nimeshamwahidi Rwegoshora utakirutubisha."

Hapo ndipo ilipomuuma hasa. Shamba angeweza kulisamehe, lakini furaha yake ile ya minyoo, aliyomwitia mtu aje aione naye akaicheka, hakuweza.

"Mimi nilikuwa mkeo," alisema. "Umenifanya kibarua cha watu."

Akaingia chumbani, akaanza kufunga nguo zake. Pa kwenda hakuwa napo, na Othman alilijua hilo, ndiyo maana hakuinuka hata kumzuia.