Likizo ya Vidole Kumi

Risper hakuwa amewahi kushtakiwa kwa kosa lolote tangu azaliwe, na serikali ilitaka uthibitisho wa jambo hilo kwa maandishi. Kwa ajili ya uthibitisho ilihitaji vidole vyake. Vidole alikuwa navyo, kumi kamili, kila kimoja mahali pake. Lakini askari Okemwa, mpigaji alama za vidole pale Homa Bay, alipovipaka wino na kuvibiringisha juu ya karatasi, yalitokea madoa kumi meusi, laini kama mbegu za papai.

"Mama, unafanya kazi gani?" Okemwa aliuliza.

"Naponda mawe ya dhahabu. Machimbo ya Macalder. Huu ni mwaka wa kumi na nne."

"Basi mawe yamekuponda pia."

Hakusema kwa ubaya. Alimwonyesha fomu ya kwanza, ile waliyoituma Nairobi mwezi wa Juni, ambayo ilikuwa imerudi na maneno mekundu kwamba alama hazisomeki. Akituma madoa haya mengine yatarudi vilevile. Ngozi ya vidole huota upya, alisema, ikiachwa ipumzike. Risper akae wiki nne bila kugusa jiwe, mchanga, jembe wala kitu chochote kikavu, apake mafuta asubuhi na jioni, kisha arudi.

"Wiki nne sina kazi?"

"Wiki nne huna kazi."

Risper alimtazama kama mtu aliyehukumiwa kifungo.

Ilikuwa tarehe kumi Agosti, mwaka wa 1995. Viza yake, isiyotumika bila uthibitisho huo wa polisi, ilisema lazima awe amefika Muscat, Omani, kabla ya tarehe ishirini na nane Septemba, la sivyo itakuwa karatasi ya kufungia njugu. Ilikuwa viza ya miaka miwili ya kusafisha hospitali, kwa mwajiri mmoja aliyetajwa humo na si mwingine. Aliipata kupitia kwa Sharif, muuza vitambaa wa Migori mjini, ambaye dada yake Sumayya alikuwa msimamizi wa wasafishaji kulekule. Sumayya alitaka mwanamke mmoja asiyeogopa kazi. Sharif alikuwa amemwona Risper akibeba gunia la mawe mgongoni na mtoto kifuani, akaona inatosha. Alikuwa amemweleza yote bila kuficha: pasi ya kusafiria itakaa kwa mwajiri, ukikosana naye huwezi kwenda kwa mwingine, na siku miaka miwili ikiisha unarudi kwenu. Risper aliuliza swali moja tu, kama huko kuna mawe.

Nakala ya viza ilikaa ndani ya Biblia, imevikwa mfuko wa nailoni. Iliandikwa kwa Kiarabu. Japheth, mumewe, aliwaonyesha wageni karatasi hiyo ikiwa imepinduliwa, na wageni wakatikisa vichwa kwa heshima kubwa. Japheth alikuwa mchimbaji hadi shimo lilipomwangukia mguu mwaka juzi. Tangu hapo nyundo ya Risper ndiyo iliyolisha nyumba, na binti yao Terry alikuwa amebakiza muhula mmoja afanye mtihani wa darasa la nane. Kama hakuna Muscat, hakuna sekondari. Terry mwenyewe angepewa nyundo.

Basi likizo ikaanza. Aliyeisimamia alikuwa mama mkwe, Min Japheth, yaani mama yake Japheth, mwanamke mdogo wa mwili na mkubwa wa amri. Asubuhi ya kwanza alifika na kopo la mafuta ya kukamulia ng'ombe, akampaka Risper vidole vyote, kisha akamvisha soksi za Japheth mikononi.

"Nyar Kanyamwa," alisema, maana tangu siku ya ndoa alimwita binti wa kwao Kanyamwa, "nikikuona umeshika ufagio, nitakufunga kamba."

"Mama, hata sahani?"

"Sahani ina mwenyewe."

Mwenyewe alikuwa Japheth. Mwanaume huyo, aliyekuwa hajawahi kuingia jikoni isipokuwa kuuliza chakula kiko wapi, sasa aliosha vyombo nyuma ya nyumba, amejibanza kwenye ua wa mnyonyo, ili taifa lisimwone. Taifa lilimwona siku ya pili. Kufikia siku ya tatu wanaume walikuwa wakipita njia hiyo kwa makusudi.

"Japheth, umeoa ama umeolewa?" mmoja aliita.

"Niko kwa viza," Japheth alijibu, na kuendelea kusugua.

Min Japheth mwenyewe alirudi kuponda mawe, kazi aliyokuwa ameiacha magoti yalipokataa. Alikaa chini ya paa la bati kwenye nafasi ya mkwewe, akiinua nyundo na kuguna.

Risper alikaa. Si jambo dogo. Alikaa kwenye kiti akiwa na soksi mikononi, akiwatazama kuku. Alijua sasa kila kuku na tabia zake. Mara mbili alijikuta ameinuka kufuata ndoo, na mara mbili Terry akamwahi. Usiku alisema mikono yake inamwasha kwa uvivu. Lakini mwisho wa wiki ya pili aliinua kidole gumba kwenye mwanga wa dirisha na kuona kitu hafifu, kama michirizi ya maji yanapopita juu ya vumbi.

Wiki ya tatu akafa Mzee Nyangweso, baba mdogo wa Japheth.

Mtu asiye wa huko anaweza kufikiri kwamba matanga ni ya kulia. Wake wa ukoo hulia kidogo tu, muda ukipatikana. Wanapika. Watu mia tatu wanakuja na watu mia tatu wanakula, na baada ya hapo masufuria yenye masizi yanapangwa mstari mmoja kuelekea kijito, nayo husuguliwa kwa majivu na mchanga mpaka yang'ae. Ndipo mke mwema anapoonekana. Mke asiyeshika sufuria siku hiyo atasimuliwa mpaka na wajukuu wa watu wengine.

Risper alikuja akiwa ameifungia mikono ndani ya leso. Alikaa na wageni.

"Tumsalimie mama Arabuni," alisema Mellen, mke wa mtoto wa marehemu, akiwa amepiga magoti kando ya sufuria kubwa kuliko zote. "Ama huko salamu ni kwa viza pia?"

Wanawake wakacheka chini chini.

"Mellen, unajua sababu," Risper alisema.

"Najua. Vidole vimelala, visiamshwe. Baba wa watu amekufa, vidole vimelala."

"Mwache," mwingine akadakia. "Akirudi atatuajiri tumkunie mgongo."

Risper alitazama mstari wa masufuria. Alikuwa amesugua masufuria ya matanga yote ya ukoo huo tangu aolewe. Mzee Nyangweso ndiye aliyemletea maziwa kila asubuhi Terry alipozaliwa, akiyaacha mlangoni bila kusema neno. Alifungua leso. Alienda, akapiga magoti karibu na Mellen, akavuta sufuria moja na kuchota mchanga wenye unyevu kwa mkono wa kulia. Alikuwa amezungusha mara moja tu pale mkono mwingine, mkavu kama gome, uliposhika kifundo cha mkono wake.

"Osha huo mchanga kwa maji. Pole pole, usifikiche," Min Japheth alisema.

"Mama, watu wanasema—"

"Wana midomo, wacha waitumie. Inuka."

Risper akainuka. Min Japheth akapiga magoti mahali pake, magoti yakilia, akachota mchanga na kuanza kusugua. Wanawake wote kijitoni wakaacha kusugua. Hapakuwa na mtu aliyewahi kuona mama mkwe akimsugulia mkwe sufuria matangani. Ilikuwa kama kumwona chifu amebeba mkoba wa karani.

"Mama, acha, tafadhali," Mellen alisema kwa sauti nyingine kabisa. "Si tulikuwa tunatania."

"Tanianeni. Mimi nasugua." Mkono haukusimama. "Huyu ana kazi leo. Kazi yake ni kukaa. Mnataka awe mke mwema siku moja, halafu aponde mawe mpaka awe kama mimi? Mimi nilikuwa mke mwema. Niangalieni."

Walimwangalia. Kisha Mellen alisogea, akavuta sufuria kutoka mikononi mwake bila kusema lolote, akaiweka pamoja na yake. Alipomaliza hizo mbili alivuta ya tatu. Jioni alimletea Risper chai pale alipokaa na wageni, akamshikia kikombe upande wa moto ili Risper ashike mkono wa kikombe.

"Shikilia hapa," alisema. "Usichome hivyo vidole vya serikali."

Siku ya Ijumaa, wiki nne zikiwa zimetimia na siku moja juu, Risper alienda Homa Bay. Min Japheth alikuja pia, kwa sababu, alisema, haiwezekani mtu alinde shamba mwezi mzima halafu asione mavuno.

Okemwa alimnawisha Risper mikono kwa spiriti, akamkausha, akakipaka wino kioo kwa kigurudumu chake. Alikibiringisha kidole gumba cha kulia kwenye karatasi, akainama na kioo cha kukuzia. Alikaa hapo muda mrefu. Risper alihesabu misumari ya ukutani.

"Hiki kinasoma," Okemwa alisema.

Vinane vilisoma vizuri. Kidole cha shahada cha kulia kilikuwa na upara katikati, mahali mchanga ulipopita ile mara moja, na kidole kidogo cha kushoto kilikuwa na kovu. Vyote viwili Okemwa alivieleza pembeni mwa fomu. Alisema vinane vinatosha. Vilitosha kweli: cheti cha polisi kilifika tarehe ishirini na tano, na Risper akapanda ndege jioni ya tarehe ishirini na sita akiwa na viza yenye siku mbili za uhai.

Lakini hilo lilikuwa bado mbele. Siku hiyo Risper aliiinamia fomu na kuitazama kwa mara ya kwanza ile mistari, mizunguko ndani ya mizunguko, kama mawimbi jiwe linapoanguka kwenye maji yaliyotulia. Hakujua kwamba alikuwa na kitu cha namna hiyo.

"Na mimi," Min Japheth alisema.

"Mama, wewe husafiri," Okemwa alimwambia.

"Wino ni wa babako?"

Okemwa alicheka, akachukua karatasi ya bure, akakishika kidole gumba cha mwanamke huyo na kukibiringisha taratibu, kwa adabu ileile aliyotumia kwa fomu. Akainama na kioo. Akageuza karatasi kwenye mwanga. Akajaribu kidole cha pili, na cha tatu.

Palikuwa na madoa matatu meusi. Hapakuwa na mstari hata mmoja.

Risper alitaka kuushika mkono huo, ila wake mwenyewe ulikuwa umejaa wino.

Min Japheth aliichunguza karatasi, akiisogeza mbali na macho, akiileta karibu.

"Kwa hiyo nikiiba," alimuuliza askari, "mtanipata vipi?"

"Hatukupati, mama," Okemwa alisema.

"Vizuri." Alikunja karatasi mara mbili, akaitia kwenye pembe ya leso na kufunga fundo. "Twende, nyar Kanyamwa. Usiguse mlango, nitafungua mimi."