Darasa la Sita Limeelewa

"Vikaratasi vya nini tena? Si uwaulize tu kama wameelewa?"

"Nikiwauliza wanasema ndiyo."

"Basi wameelewa! Dada, unajitafutia kazi."

Mwalimu mkuu alicheka, peke yake. Mwalimu wa hesabu alikumbatia kopo lake. Kila kipindi kikiisha, darasa la sita walitumbukiza humo karatasi isiyo na jina, yenye kitu kimoja ambacho hawajaelewa. Leo arobaini wameandika "hakuna". Mmoja ameandika "sehemu", akafuta, akaandika tena.

Mwenye karatasi hiyo alijulikana. Darasani mle, ukiitikia "ndiyo" na hujaelewa, unazama sakafuni. Wengi walizama hadi vifundoni, wakavua viatu wakaenda zao. Binti wa dirishani alikuwa amefika kifuani. Fundi aliletwa, akagonga saruji, akasema ni nzima. Mfagiaji alimzungushia ufagio. Kila jioni baba yake alitoka kazini akaja kumchomoa kwa kumshika makwapa. Asubuhi akikaa tu, anarudi palepale. Baba alishasema: mabega yakiingia, hana tena pa kushika.

"Nipe siku mbili nirudie sehemu."

"Jumatatu ni asilimia. Mkaguzi anahesabu mada, haangalii sakafu."

Mwalimu alirudi darasani. Wanafunzi wote walishaondoka, isipokuwa binti wa dirishani. Akachuchumaa mbele yake.

"Umekwama wapi, mwanangu?"

"Pale mwanzo."

"Mwanzo wa wiki hii?"

"Mwanzo wa darasa la tatu."

Binti akapanda kutoka sakafuni, upana wa kidole kimoja. Mwalimu akachora duara kwa chaki sakafuni, mbele ya kidevu chake, akalikata katikati.

"Hii?"

"Nusu."

Akakata tena. "Na nusu ya nusu?"

Binti alitazama muda mrefu. Hakuna aliyewahi kumsubiri hivyo. "Robo," akasema, na mbavu zikatoka nje, zina vumbi.

"Dada, kikao!" mwalimu mkuu aliita kutoka koridoni. "Tunakusubiri wewe tu!"

"Jumatatu tutaendelea hapa, mwalimu?"

"Jumatatu ni asilimia. Nimekatazwa kurudia." Alikuwa anaokota chaki, hakumtazama. "Umeelewa?"

"Ndiyo, mwalimu."

Mabega yakaingia, taratibu, bila kelele. Mwalimu akakung'uta vumbi la chaki kwenye sketi, akageuka, akaenda kikaoni.