Kivuli cha Migomba Isiyoonekana

Shangazi Vero alikuwa anangoja simu. Baba akikubali, kesho napanda basi kwenda Bukoba kuuza vitenge dukani kwake, na kompyuta yangu ibaki hapa kijijini Kibingo ikilaliwa na kuku. Akikataa, nabaki natengeneza magemu. Mimi na vitenge hatuivi chungu kimoja.

"Hebu nione hicho unachokiita kazi, Kokuhirwa," Baba alisema tulipotoka kanisani.

Nilikuwa nimechukua gemu la kilimo la Wazungu, nikang'oa ngano yao yote na kupanda kibanja chetu: nyumba, mibuni, migomba. Ila migomba ilisongamana hadi mchezaji haoni anakokwenda, kwa hiyo nikaificha. Nilijiona fundi.

Baba aliinamia kioo, kisha akasonya. "Kahawa yote juani? Nani kakufundisha kulima hivi? Itababuka hii."

"Baba, ni gemu tu."

"Basi kauze vitenge."

Nilikasirika, lakini hasira ikakatikia njiani, maana alikuwa amesema kweli. Mbuni gani huku kwetu unakaa bila mgomba juu yake? Na hapo hapo wazo likanijia.

"Baba, nipe muda kidogo. Usipige simu."

Kwenye gemu, kuonekana na kukinga jua ni mambo mawili. Mimi kwa pupa yangu nilikuwa nimezima yote. Nikarudisha moja: migomba isionekane, lakini ikinge jua. Nikakosea, nikaanza upya. Mara kivuli kikamwagika juu ya kahawa, majani mapana yakicheza ardhini, na hewani hamna kitu. Nilipiga kelele hadi Mama akatoka jikoni na mwiko mkononi. Nilifurahi jamani, sijui hata niseme nini.

Baba akavuta kiti, akakaa. Nikamwonyesha vitufe vya kutembea. Akaenda polepole, akakata kushoto, akakata tena kulia, mahali ambapo hapakuwa na kitu cha kukwepa.

"Pita tu, Baba. Njia nyeupe."

"Hapa pana mgomba," alisema, akigusa kivuli cha shina kwenye kioo. "Nitaugonga."

Akaendelea. Kisha akainamisha kichwa, yeye mwenyewe, pale pale kitini, ili apite chini ya jani.

Alipotoka upande wa pili akachukua simu.

"Vero, mtoto haji," alisema. "Ana kibanja cha kupalilia."