Sakafu Isiyo na Nguzo

"Vuta!" mhandisi alipaza sauti, na winchi ikaanza kulia.

Seremala hakuitazama. Macho yake yalikuwa kwenye timazi iliyoning'inia kutoka kona ya sakafu yake ya mbao, ncha ikielekea nukta ya penseli kwenye zege. Kuizunguka nukta, mhandisi alikuwa amechora duara. Timazi ikivuka duara, sakafu inabomolewa, naye anarudi kutengeneza vigoda.

Sakafu yenyewe ilikuwa jeuri. Ilipita ukuta wa mwisho ikajitokeza hewani hatua tatu, chini yake hakuna nguzo wala ukuta. Uzito haukumtisha mtu. Adui ni upepo wa ubavuni, unaoweza kuipinda kama droo iliyovutwa upande mmoja. Leo winchi, iliyofungwa kwa waya ubavuni mwa sakafu, ndiyo ilikuwa upepo.

Kwa siku kumi na moja alikuwa amepigilia misumari kandokando ya kila ubao wa plaiwudi, vidole vitatu kutoka msumari hadi msumari. Mashine ya misumari aliikataa kabisa. Mashine huzamisha kichwa cha msumari kikachana ubao, na ubao uliochanika haushiki kitu. Yeye aliacha kugonga kichwa kilipolala sawasawa, kisha akakipapasa kwa kidole gumba.

"Shemeji, unapigilia au unabembeleza mtoto?" alikuwa akimtania siku hizo msimamizi, mdogo wa mumewe. "Mimi huko mbele sikanyagi ng'o. Nina watoto!"

Sasa mbao zikalia. Timazi ikasogea, ikaukaribia mstari wa duara. Hapo ikasimama.

"Ongezeni," alisema mhandisi.

Wakaongeza mpaka waya ukavuma. Timazi ikasogea unywele mmoja tu.

"Haya, legezeni."

Taratibu, ikarudi juu ya nukta. Mhandisi akapiga magoti, akapima, akapima tena.

"Nani kapigilia hii?"

"Mimi."

"Inayofuata nakuchorea ya hatua nne."

Seremala akacheka kwa sauti, kicheko kilichokuwa kimembana siku kumi na moja.

Alipoinua macho, msimamizi alikuwa juu ya sakafu, penye ukuta wa mwisho. Akavua viatu, akavipanga, akanyata hadi ukingoni na kuketi, miguu ikining'inia.

"Shemeji, njoo basi! Huku kuna upepo mtamu!"

Chini ya soksi yake iliyotoboka, timazi ilikuwa imetulia.